Nikishindwa kesi ya kubaguliwa kazini, nitalipa wakili wa hoteli?

Dada mmoja wa Barani, hapa Malindi, ameniandikia swali refu, nalifupisha: Nimekua risepshenisti hoteli moja ya ufuoni misimu mitatu, kila Julai napewa kontrakti mpaka Aprili, mshahara 28,000. Februari nikamwambia bosi nina mimba. Aprili tukafunga kama kawaida, wenzangu wote wa risepsheni wakaambiwa Julai warudi, mimi HR akaniandikia WhatsApp "kwa hali yako pumzika kwanza, tutaona ukishajifungua". Sasa wameweka mtu mwengine. Niliposema nitashtaki, HR akanambia nishtaki tu, nikishindwa nitalipa wakili wao wa Mombasa, itafika milioni, na nyumba ya mama itapigwa mnada. Ndugu yangu alioko Uingereza asema si kweli, kule kila mtu hulipa wakili wake. Nimuamini nani? Na wamenipa karatasi nisaini nichukue 48,000.

Dadangu, pole kwa uliyotendewa, na hongera kwa huyo anaekuja, Mungu akujaalie ujifungue salama.

Naanza na nyumba manake naona hapo ndipo moyo ulipokushika. Nyumba ya mamako haipigwi mnada kwa kesi yako. Deni la gharama za kesi ni la yule alieshtaki, jina lililoko kwenye faili, si la mama wala la mjomba wala la mwenye kukukaribisha kwake. Hata itokee dalali wa koti aje abandike karatasi pale mlangoni, mama anaenda kotini anaweka pingamizi aseme hii mali ni yangu na mimi sikushtaki mtu, njia hiyo ipo kisheria na watu wanaitumia kila siku. Na hata vile vya kwako mwenyewe kuna ambavyo sheria imekataza kuchukuliwa, nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi unayokulia. Jela ya madeni pia wanapenda kuitaja, lakini hapo kwa kawaida lazima koti iridhike kwanza kwamba pesa unazo na unakataa tu kulipa. Mtu asiekua nacho hafungwi kwa sababu hana, anaomba kulipa kidogo kidogo kwa mwezi.

Hilo la nyumba limekwisha, na lilikua la kukutishia nyau. Hili la pili, la kulipa wakili wao, siwezi kukwambia ni uongo wote, kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo na ule ukweli kidogo ndio wautumiao kuwanyamazisha watu. Mimi kesi za kazi ndio shughuli yangu hapa Malindi na naona wanawake wengi zaidi wakiachia haki yao kwa khofu ya gharama kuliko wanaoshindwa mbele ya jaji. Kwa hivyo nitakueleza inavyokwenda, ujue ni wapi pa kuogopa na wapi si pa kuogopa.

Kenya kawaida ya kesi za madai ni kwamba gharama hufuata matokeo, alieshinda analipwa na alieshindwa, hiyo iko kifungu cha 27 cha sheria ya mwenendo wa kesi za madai. Lakini hapo hapo sheria yasema koti ikiwa na sababu nzuri inaweza kuamua vyengine. Na kwa kesi za kazi kuna sheria yake yenyewe, ile iliyounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi mwaka 2011, kifungu cha 12(4), ambayo yasema jaji atatoa amri ya gharama kadiri anavyoona ni haki. Haisemi alieshindwa lazima alipe. Mahakama ya Juu nayo mwaka 2014, kwenye ile kesi ya Jasbir Singh Rai, ikaeleza kwamba gharama si fimbo ya kumpigia mtu alieshindwa, ni ya kumrudishia mwengine alichotumia, na jaji ana uhuru wa kuangalia kesi ilikua ya aina gani, wahusika walifanya nini, na jambo lenyewe lina manufaa gani kwa umma. Ndio utaona hukumu nyingi za kazi, mfanyakazi ameshindwa kabisa, na mstari wa mwisho wasema kila upande ujigharamie wenyewe. Majaji wa kazi wanaelewa kwamba ukimtwika risepshenisti wa 28,000 bili ya wakili wa kampuni, mwaka ujao hakuna risepshenisti atakaefungua mdomo.

Ila "nyingi" si "zote". Hapo ndipo ndugu yako wa Uingereza alipokosea, yeye anasema ya kwao na kwao ni kweli. Kule kesi hizi huenda kwenye mabaraza ya ajira na kanuni zao zimeandika wazi kwamba kwa kawaida kila mtu hujilipia, utaamriwa kumlipa mwenzako ukiwa umeendesha kesi kwa usumbufu, kwa kuudhi au bila busara, au dai lako tangu mwanzo halikua na tamaa yoyote ya kufaulu, na baraza lenyewe bila ya ukaguzi wa bili linaweza kuamuru mpaka pauni 20,000. Marekani wana kitu kama hicho, tangu uamuzi wa Christiansburg wa 1978 mwajiri alieshinda kesi ya ubaguzi hapati pesa za wakili kwa alieshtaki mpaka koti ione dai lilikua la upuuzi au halina msingi. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba ilirudia mwaka 2018 kwenye kesi ya Zungu kwamba kesi za kazi gharama hazifuati matokeo hivi hivi tu, lazima uangalie sheria na haki pamoja. Sisi hatujaandika wazi hivo, tumemuachia jaji, na mimi sikifichi, naona ingekua bora tukaandika, manake hapo penye "jaji ataona" ndipo HR anapopata pa kusimama akakutisha. Lakini ukisoma majaji wetu wanavyofikiri, hawako mbali na hao.

Haya, sasa ni nini hasa kinachomfanya jaji amgeuzie mfanyakazi gharama. Si kushindwa kwenyewe. Ni mwenendo. La kwanza na baya kuliko yote ni uongo, mtu ameghushi barua, au amebadilisha tarehe, au kwenye hati ya kiapo anasema hakulipwa likizo na kampuni inatoa riseti ya benki yenye jina lake. Hapo hata ile sehemu yako ya kweli inaoza. La pili ni kushtaki watu wasiohusika, nimeona madai yamewekwa kampuni, meneja, HR, na mkurugenzi alioko Italia, kila mmoja kwa jina lake, ati ili waingiwe na baridi. Wakitolewa kwenye kesi kila mmoja anaomba gharama zake na huyo ana haki ya kuomba, ulimuita bure. Mwajiri wako ni yule aliyeandikwa kwenye kontrakti, shtaki huyo basi, wengine ni mashahidi. La tatu ni kufungua kesi mbili za jambo moja, moja kwa hakimu na nyengine kwa jaji, au kuja na ombi jipya kila wiki, au kesi imepangwa kusikizwa na wewe huonekani. Na la nne ni kuiondoa kesi siku ya kusikizwa, mashahidi wa upande wa pili washafika wamekaa kwenye benchi na wakili ashatoka Mombasa tangu alfajiri. Ukiona kesi haina miguu iondoe mapema kabla hawajafanya kazi kubwa, mara nyingi mnakubaliana iondoke bila gharama, ukingoja mpaka mlangoni utalipa.

Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe ina mstari nnaoupenda sana, kifungu cha 46, ambacho kinataja sababu ambazo mwajiri hawezi kumfukuzia mtu, na mojawapo ni mfanyakazi kupeleka malalamiko au kesi dhidi ya mwajiri, isipokua ikithibitishwa kwamba malalamiko yale ni ya ovyo na hayana msingi. Hapo ndipo mpaka ulipo, hata kwenye gharama mimi naona majaji wanausimamia huo huo mpaka ingawa hawautaji. Uko na malalamiko ya kweli, umeyasema kwa adabu, umeleta karatasi zako, jaji akaona hayakutosha, huyo si mtu wa kuadhibiwa.

Sasa hiyo milioni. Tuihesabu, isiwachiwe itembee hewani tu. Gharama hazitoki kwenye mdomo wa wakili, hata kama hoteli imemlipa milioni mbili huyo wakili wao hayo ni yao. Jaji akiamuru ulipe gharama, wakili wao anaandika bili, bili inapelekwa kwa naibu msajili wa koti kukaguliwa mstari kwa mstari, na kipimo ni amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2014. Kwa kesi ya jaji, iliyopingwa, dai lisilozidi shilingi 500,000 ada ya kuchukua kesi ni 75,000. Dai la milioni moja ni 120,000. Kupita hapo mpaka milioni 20 unaongeza asilimia 2 ya kile kilichozidi. Juu yake kuna ada ya kutayarisha kesi kusikizwa ambayo ni thuluthi ya ile ya kwanza, na vijipesa vya kila siku ya kufika kotini, kopi, na nauli. Kwa hakimu kipimo ni chengine na ni cha chini.

Na hapa kuna kitu watu hawaambiwi na kinawaumiza. Thamani ya kesi inatazamwa kutokana na hukumu, au makubaliano, au yale uliyoandika mwenyewe kwenye madai. Ukishinda, ni hukumu. Ukishindwa hakuna hukumu ya pesa ya kutazama, kwa hivyo wakili wao anarudi kwenye karatasi yako. Ukiandika unataka milioni 5 ada ya kwanza inakua 200,000. Ukiandika 600,000 kwa hesabu inayoeleweka inakua 90,000. Kwa hivyo mtu akikwambia andika milioni 20 uwatishe, anakuongezea bili yako wewe mwenyewe. Kwenye ubaguzi fidia ya maumivu na kudhalilishwa jaji ndie anaeipima, si lazima uitaje kiasi, omba fidia kwa jumla na utaje kiasi kwa vile vinavyohesabika tu, mshahara wa miezi, likizo, na kadhalika. Bili ikishakaguliwa na ukaona imepanda kupita kiasi, una siku 14 za kupinga ili jaji aiangalie, usikae kimya.

Nikirudi kwako, nilivyosoma hayo uliyoniletea naona kesi yako si ya ovyo hata kidogo, lakini ina mahali pembamba na lazima upaone kabla hujaingia. Wewe uko kwenye kontrakti ya msimu. Koti zetu zimeshasema mara nyingi kwamba kontrakti ya muda ikifika mwisho imefika, hakuna kufukuzwa hapo, na mfanyakazi hana haki ya kurudishiwa eti kwa sababu mwaka jana alirudishiwa. Ukipeleka kesi yako kama ya kufukuzwa kazi bila haki, hilo ndilo jibu watakalokupa, na wanaweza kushinda, na wataomba gharama. Kwa hivyo usiipeleke hivo. Ipeleke kama ubaguzi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza kubagua mfanyakazi au mtu anaeomba kazi, kwa kumuajiri, kumpandisha, masharti, kumwachisha, yote, na mimba imetajwa mle kwa jina lake pamoja na jinsia, dini, kabila, ulemavu, hali ya HIV na mengineyo. Sasa hata wakisema kontrakti yako ilikwisha Aprili na hukua mfanyakazi tena, Julai ulikua muombaji kazi, na muombaji kazi analindwa na kifungu hicho hicho. Hoja yako isiwe walikua lazima wanirudishe. Iwe hivi: sote wa risepsheni tulikua na kontrakti aina moja, zikaisha siku moja, wengine wote wakarudi, tofauti yangu na wao ni mimba, na HR ameiandika kwa mkono wake.

Hiyo meseji ndio roho ya kesi yako, ichunge. Usiifute, usibadilishe simu ukaiuza ile ya zamani, usiikate katikati ukabakisha mstari mmoja unaokupendeza. Piga picha ya skrini mazungumzo yote toka juu, namba ionekane, tarehe ionekane, na yale uliyomjibu wewe hata kama ulimjibu kwa hasira. Ikifika kotini itatakiwa iandamane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachosema imetoka simu gani na nani aliichapisha, ni karatasi moja tu lakini watu wanaisahau na ushahidi mzuri unakataliwa. Halafu tafuta rosta ya Februari na Machi yenye majina yenu, kontrakti zako zote tatu, kitabu cha kliniki kinachoonyesha tarehe ulipoanza, na kama kuna mwenzako mmoja ambae yuko tayari kusema ndio, mimi niliitwa Julai. Ajue kwamba ni kusema ukweli tu. Ukishindwa kumpata mwenzako huyo, wakili wako anaweza kuomba hoteli itoe hizo rekodi.

Kwa nini nakazania karatasi hivi, na kifungu cha 5 kinasema mwajiri ndie abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua? Kwa sababu ya kesi iliyotoka hapa hapa kaunti yetu. Madaktari watafiti sita waliokua Kilifi walishtaki KEMRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, wakisema wamebaguliwa kwa rangi, wazungu wanapewa nafasi na malipo ambayo wao hawapewi. 2014 Mahakama ya Kazi ikawapa haki, milioni 5 kila mmoja, tulishangilia. 2019 Mahakama ya Rufaa ikaipindua. Wakaenda Mahakama ya Juu, na Januari 2020 wakakataliwa, na sababu kubwa ikawa ni kwamba ule mzigo wa mwajiri hauji mpaka anaeshtaki aweke kwanza msingi wa ushahidi mezani, huwezi kusema tu nimebaguliwa halafu ukae umsubiri mwenzio ajitetee. Inaniuma mpaka leo ile kesi, manake mfanyakazi wa kawaida atazipata wapi rekodi za mishahara ya wenzake? Lakini ndio sheria ilivyo sasa na lazima tutembee ndani yake. Wewe una bahati ambayo wengi hawana, mwenzako aliandika.

Na ukitaka kujua kama kesi za aina yako zinashindwa tu, hapana. Mwaka 2013 kuna mama ambae hukumu inamtaja kwa herufi VMK tu, alinyimwa ajira ya kudumu kwa ajili ya hali yake ya HIV na alipojifungua hakupewa likizo ya uzazi yenye malipo, koti ikampa jumla iliyokaribia milioni 7. Mwaka huo huo GMV, aliekua akifanya kazi benki, akashinda kesi ya kuachishwa kwa sababu ya mimba. Hata majina yao yamefichwa, hilo nalo unaweza kuliomba kama unaogopa kujulikana mji mdogo kama huu.

Mlango gani uingie sasa. Kama ulikua ukikatwa pesa ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, kwenye pesilipu, anzia huko leo leo. Chama kikichukua jambo linapelekwa kwanza kwa msuluhishi wa wizara, na likifika kotini chama ndicho kinachosimama kama mdai, jina lako halibebi gharama. Kama hukua mwanachama nenda ofisi ya leba, hakuna malipo, watamuita mwajiri mkae meza moja, na mahoteli mengi ya hapa yanalegea hapo hapo kwa sababu hawapendi mambo ya mimba yafike kwenye masikio ya wageni. Hayo yakishindikana, mshahara wako uko chini ya 80,000 kwa hivyo dai la Sheria ya Ajira linasikizwa kwa hakimu, hapa hapa Malindi, bei ya chini kila upande. Kuna wanaopenda kwenda moja kwa moja kwa jaji kwa petisheni ya katiba, kifungu cha 27 cha usawa na cha 41 cha haki za kazi. Kwa petisheni za haki kanuni za 2013 zinamwambia jaji anapofikiria gharama ahakikishe watu hawafungiwi mlango wa koti, na hiyo ni kinga nzuri. Lakini majaji hawapendi mtu kuvaa katiba kwa jambo ambalo Sheria ya Ajira ishalitibu, wanaweza kuitupa, na hapo umejitafutia gharama. Kwako naona njia ya kawaida inatosha.

Kabla ya kushtaki lazima barua ya madai itangulie, iwe fupi, iseme walichofanya, unachotaka, na siku za kujibu. Bila hiyo barua unaweza hata kushinda ukanyimwa gharama zako wewe. Na hoteli ikikujibu na ofa usiitupe kwa hasira. Ijibu kwa maandishi, sema kwa nini haitoshi na nini kingetosha. Jaji anapofikia mahali pa gharama anatazama nani alikua tayari kumaliza na nani alikua akivuta kamba.

Wakili akikwambia usinipe kitu, tukishinda nitakata asilimia fulani, jua kwamba mapatano ya namna hiyo sheria ya mawakili imeyakataza hapa kwetu, hilo nalo ndugu yako wa Uingereza asikwambie mbona kwao lipo. Huna pesa, jaribu FIDA, chama cha mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, wote wana ofisi Mombasa, na kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoletwa na sheria ya 2016. Pia wakili wa hoteli anaweza kuomba uweke dhamana ya gharama kabla kesi haijasikizwa, ni mbinu ya kukuchosha, usishtuke, umaskini peke yake koti haiuhesabu kua sababu ya kukutaka dhamana.

Imebaki hiyo karatasi ya 48,000. Isome tena ule mstari wa chini, bila shaka unasema umepokea haki zako zote na huna dai lolote tena dhidi ya kampuni sasa wala baadae. Mahakama ya Rufaa mwaka 2018, kesi ya Coastal Bottlers na Kimathi Mithika, ilisema mtu mzima aliesaini kwa hiari yake na kuelewa anafungika na sahihi yake. Kila karatasi inaangaliwa kivyake, kama ulidanganywa au ulilazimishwa hapo kuna la kusema, lakini ukisaini leo kwa utulivu halafu kesho ukashtaki, basi hiyo sasa ndiyo ile kesi ambayo HR anakuombea uifungue, manake ndani yake gharama zinamngoja mfanyakazi. Kama hizo 48,000 ni mshahara wa Aprili na siku za likizo ulizofanyia kazi, ni zako tayari, waandikie wazitume bila masharti. Kama ni za kukufunga mdomo, waambie nitamuonyesha wakili kwanza, hilo si tusi. Una miaka mitatu tangu siku walipokunyima kazi, ila usiikalie, rosta hutupwa na wenzako wa risepsheni huhama hoteli kila msimu. Hizo kontrakti tatu, kitabu cha kliniki na simu yenyewe viweke pamoja wiki hii, na hiyo karatasi uilete vile vile bila sahihi.